Ile 85% ya ripoti zetu: kumsoma Fred Brooks tukiwa Kivu



Ukiingia kwenye biro ya mradi huku kwetu, mara nyingi utakuta karatasi kubwa ukutani: chati ya Gantt, na rangi zake. Kijani ni kazi yenye inaenda vizuri, njano ni yenye inasumbua kidogo, nyekundu ni yenye imechelewa. Nimefanya kazi ya miradi Kivu Kusini miaka kumi na moja. Nyekundu sijaionaka hata siku moja. Lakini nimeona kazi zenye zilichelewa miezi sita, zenye zilichelewa mwaka, na zenye hazikuisha paka leo. Sasa ile nyekundu inaendaka wapi?

Hilo njo swali nililokuwa nalo kichwani wakati nilifungua kitabu cha Fred Brooks, The Mythical Man-Month. Wengi wetu tunajua jina lake kupitia mafunzo ya usimamizi wa miradi, ile formasio ya siku tatu yenye inaisha na atestasio na picha ya pamoja. Hapo mtoa mafunzo anatupa "sheria ya Brooks": kwamba kazi ya programu yenye imechelewa, ukiiongezea watu, inachelewa zaidi. Tunaandika kwenye daftari, tunapiga makofi, tunarudi nyumbani. Kitabu chenyewe hakuna mwenye anakisoma. Mimi sasa nimekisoma mara mbili, na naona tulichukua mfupa tukaacha nyama.

Kwanza tujue mtu tunayemzungumzia. Brooks alizaliwa 1931 Marekani, akasoma Harvard, akaingia kampuni ya IBM. Kule alisimamia kazi ya kutengeneza familia ya kompyuta yenye iliitwa System/360, yenye IBM ilitangaza mwaka 1964. Kisha akapewa kusimamia programu kubwa ya kuendesha hizo kompyuta, OS/360. Hiyo ilikuwa kazi kubwa ajabu: wakati wa kilele watu zaidi ya elfu moja walikuwa juu yake. Na ilichelewa. Brooks akaondoka, akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kwenye idara ya kompyuta yenye yeye mwenyewe alianzisha. Mwaka 1975 akatoa hicho kitabu. Mwaka 1999 alipewa tuzo ya Turing, heshima kubwa kabisa ya watu wa kompyuta. Alifariki Novemba 2022.

Kwa hiyo ni mtu mwenye alisimamia, kisha akafundisha. Hata kwetu wako watu wa namna hiyo, wengi. Lakini kuko tofauti moja, na kwangu njo bei yote ya kitabu: huyu mzee anafundisha kwa mradi wake mwenyewe wenye ulimshinda.

Chukua mfano moja. Kulikuwa na kazi ya kuandika maelezo kamili ya jinsi ile programu itakavyofanya kazi, kabla ya wajenzi kuanza kujenga. Kundi moja lilikuwa na wataalamu kama 10. Mkuu wao akasema: tutaandika vizuri, lakini tutahitaji miezi 10, na ninyi mumetupa 7. Kundi lingine lilikuwa na watu 150. Mkuu wao akasema: tupeni sisi, tutamaliza kwa tarehe yenu, na hata hivyo watu wangu wasipopewa hiyo kazi watakaa bure. Brooks alichagua wale 150. Matokeo? Kazi ilichelewa miezi 3, ni kusema ilichukua muda uleule wenye wale 10 waliomba. Na ilikuwa mbaya. Yeye mwenyewe anakadiria kwamba lile kosa liliongeza mwaka mzima wa kutafuta na kurekebisha makosa kwenye programu.

Sasa nawauliza: kwenye mafunzo yote yenye mulifuata, Bukavu, Goma, Lubumbashi, kuko mtoa mafunzo mwenye aliwahi kusimama mbele yenu akasema, mimi nilichagua vibaya, na chaguo langu liligharimu mwaka? Mimi bado sijakutana naye. Tunapewa cadre logique, ile meza ya malengo na viashiria yenye ilitengenezwa kwa ajili ya USAID mwaka 1969. Tunapewa mti wa matatizo na mti wa suluhisho. Vyote ni vyombo vizuri, sivikatai. Lakini vinafundishwa na watu wenye, kwa kuwasikiliza, hawajaangukaka hata siku moja. Na mwanafunzi wa mwalimu wa hivyo, siku ya kuanguka kwake, anafikiri ni yeye peke yake duniani. Anaficha.

Sasa tuje kwenye ile sheria yenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa msimamizi wa eneo kwenye mradi wa maji, kwenye kilima kimoja cha Walungu. Chemchemi mbili juu, rezervuari moja, kilometa sita za mfereji na bitiyo, robine 14 kwa jumla. Mwezi wa nne tulikuwa tumechelewa. Mafundi wakaomba wachimbaji wengine 20. Mkuu wetu, mwenye alikuwa ametoka kwenye formasio wiki mbili mbele, akakataa. Alisema: "Hapana. Brooks alikataza. Kazi ikichelewa hatuongeze batu."

Ukisoma kitabu, Brooks hakusema hivyo. Anatenganisha kazi za namna mbili. Kuko kazi yenye unaweza kuigawanya bila watu kuzungumza sana, kama kuvuna ngano au kuchuma pamba: ukiongeza watu, inaisha mbio. Na kuko kazi yenye kila mtu anapaswa kuelewana na kila mwenzake. Hapo hesabu inakuwa kali. Watu 3 wako na njia 3 za kuongea wawili wawili. Watu 10 wako na 45. Watu 20 wako na 190. Wale 150 wa hadithi ya juu wako na 11.175. Tena kila mgeni anahitaji mtu wa kumfundisha, na huyo mwalimu ni mwenyeji mwenye alikuwa anafanya kazi. Njo maana kuongeza watu kunachelewesha.

Sasa kuchimba mfereji ni kazi ya namna gani? Mtoto wa salongo anaweza kukujibu. Unapima mita tano, unampa huyu. Mita tano zingine, unampa yule. Kila mtu na jembe lake, na jua likitua mfereji umefika mbali. Sisi tulikuwa na kazi ya pamba, tukaitumia sheria ya programu. Tulipoteza kiangazi chote.

Na kule kwenye sheria ilikuwa inatuhusu kweli, hatukuiona. Bitiyo ilipaswa kupita kwenye shamba la mzee moja. Mzee akakataa, juu migomba yake haikuhesabiwa vizuri. Hiyo ni kazi ya mtu moja, mwenye mzee anamjua, mwenye ataenda leo, arudi kesho, akae, asikilize. Sisi tulifanya nini? Tulituma komisio tatu. Ya kwanza ikaahidi malipo. Ya pili ikasema malipo hayako kwenye bajeti. Ya tatu ikaenda na shefu wa kijiji kumtishia. Watu tisa, maneno tisa. Mzee akafunga mlango kabisa. Hapo njo tungesema: tusiongeze watu. Tuliongeza.

Kwa hiyo hukumu yangu ya kwanza ni juu ya namna tunavyomfundisha. Sheria bila mipaka yake inageuka kuwa mbaya kuliko kutokujua. Fundi mwenye hakusomaka Brooks angeongeza wachimbaji, na angekuwa na haki.

Hukumu ya pili: ile sheria maarufu siyo njo sehemu ya maana zaidi kwetu. Ya maana zaidi iko mbali ndani ya kitabu, pale anauliza mradi unachelewaka mwaka mzima namna gani. Watu wanangojea kusikia habari ya ajali kubwa: moto, mafuriko. Yeye anaonyesha kwamba kuchelewa kunaingia siku moja moja. Leo gari limeharibika. Kesho kuko matanga. Keshokutwa simenti haikufika. Hakuna siku hata moja kati ya hizo yenye inastahili kupiga kengele. Njo maana hakuna mwenye anapiga.

Dawa yake ni rahisi kuelewa: kila hatua ya mradi iandikwe kwa namna yenye haiwezi kudanganya, yenye jibu ni ndiyo au hapana. Anaonyesha kwamba kazi ya programu inakaaka kwenye "karibu iishe" kwa muda mrefu sana, juu ya neno "karibu" halina kona. Kila mtu analivuta upande wake.

Hapo niliweka kitabu chini. Nilikumbuka ripoti zangu.

Mwezi wa tano niliandika kwamba kazi ya maji imefika 80%. Mwezi wa sita nikaandika 85%. Mwezi wa saba, 85%. Wa nane, 85%. Wa tisa mkuu akaniambia hatuwezi kutuma 85 mara ya nne, wafadhili watauliza, nikaandika 90. Hakuna kitu kilikuwa kimeongezeka. Shamba la mzee lilikuwa bado limefungwa, na robine tano za juu zote zilitegemea lile shamba. Ile 85 ilitoka wapi? Sijui kuwaeleza. Tulijumlisha simenti yenye ilikuwa imetumika, bitiyo yenye ilikuwa imefika, pesa yenye ilikuwa imetoka. Ilikuwa asilimia ya matumizi, tukaivalisha nguo ya kazi.

Siku moja kwenye mkutano wa kijiji nilitaja hiyo namba kwa sauti. Kisha nikashuka kilima. Mama moja, mtu mzima, alikuwa anapanda na bido la lita 20 mgongoni, ametoka kwenye mto wa bonde. Akasimama, akanisalimia vizuri, akaniuliza:

"Mwana wetu, maji yenu leo iko asilimia ngapi?"

"Mama, tuko 85."

"Basi unipe hata hiyo 85. Ile kumi na tano ingine nitaingojea."

Watu wenye walikuwa naye wakacheka. Mimi pia nilicheka. Sina furaha ya kukumbuka kwamba nilicheka. Mradi ulifungwa mwezi wa kumi na mbili, pesa ikaisha, ripoti ya mwisho ikasema nini, nitawaacha mufikiri. Robine tisa zinatoa maji, na tunamshukuru Mungu. Tano za juu hazijatoa hata tone. Ile simenti yao iko pale, watoto wanaikalia wakichunga mbuzi.

Kuna hesabu ingine ya Brooks yenye ingetusaidia. Anagawa muda wa kazi hivi: theluthi moja kupanga, sehemu moja ya sita kuandika programu, robo moja kujaribu vipande, robo moja kujaribu kitu kizima. Angalia vizuri: nusu ya muda wote ni kujaribu. Sisi kwenye mpango wetu wa miezi 12 tulikuwa tumeweka siku tatu za kujaribu maji. Tungefungua maji mapema kwenye kipande cha kwanza, tungejua mbio kwamba kilima cha juu kinategemea lile shamba, na mzee angetembelewa kabla ya kupimwa hata mita moja.

Sasa nafika pale kitabu chenyewe kinanishinda, na nasema hii kwa heshima.

Brooks anajua kwamba watu wanaficha kuchelewa. Anaeleza vizuri: mkuu mdogo akipeleka habari mbaya, mkubwa wake ataruka juu yake, ataingilia kazi, ataharibu. Kwa hiyo mdogo ananyamaza, anajaribu kutengeneza kimya kimya. Dawa ya Brooks iko kwa mkubwa: ajizuie, asikilize hali bila kuingilia mambo yenye mdogo anaweza kumaliza mwenyewe. Mkubwa akituliza moyo wake, mdogo atasema kweli.

Ni dawa nzuri kwa IBM. IBM ilikuwa inakula pesa yake yenyewe. Mwenye alikuwa anasikia habari ya kuchelewa alikuwa wa nyumba moja na mwenye hasara. Sasa hesabu mlolongo wetu: fundi anamwambia msimamizi wa eneo, msimamizi anamwambia mkuu wa mradi, mkuu anaambia biro ya mjini, biro inaambia Kinshasa, Kinshasa inaambia mfadhili mwenye yuko Ulaya ao Marekani. Kila daraja iko na kontra ya miezi sita ao kumi na mbili. Kila daraja inapunguza chumvi kidogo. Hata mkuu wangu angekuwa mpole kama kondoo, yeye pia alikuwa na mkubwa, na mkubwa alikuwa na mkubwa. Watu wa Brooks walikuwa wanaogopa aibu. Sisi tunaogopa kodi ya nyumba na pesa ya shule ya watoto.

Tena Brooks alikiri makosa yake akiwa mahali salama. Mwaka 1975 alikuwa profesa, na mshahara wake haukutoka tena IBM. Hilo halimpunguzie heshima, kwa sababu aliendelea kukiri. Kwenye toleo la 1995 alirudi kwenye maneno yake ya kwanza. Alikuwa amempinga David Parnas, mwenye alisema kila kundi lifichiwe mambo ya ndani ya makundi mengine; baada ya miaka 20 akaandika wazi kwamba Parnas alikuwa na haki na yeye alikosea. Lakini usimwambie kijana mwenye kontra yake inaisha mwezi wa tatu: "Ukuwe mkweli kama Brooks." Utakuwa umemtuma vitani na fimbo ya mchele.

Basi nani atasema? Kitabu hakijibu, na nafikiri jibu niliwahi kukutana nalo kwenye ile njia ya kilima, na nikalicheka. Yule mama hakuwa na kontra. Hakuna mtu angeweza kumkatalia kontra ingine. Katika mradi wote, yeye njo alikuwa wa kwanza kuuliza swali lenye lina kona: maji iko ao haiko? Mtu mwenye uongo unamuumiza yeye mwenyewe, huyo njo anastahili kushika orodha.

Kwa hiyo, kwenye kazi yenye nilifanya baada ya ile, nilijaribu kitu kidogo. Niliandika hatua 22 za mradi kwenye karatasi, kwa Kiswahili na kwa Mashi, kila moja ya ndiyo ao hapana: mfereji umefika kwenye shule na umefukiwa, robine namba 3 imejaza bido la lita 20 mbele ya watu. Karatasi ikabandikwa kwenye ukuta wa shule. Kalamu ikakaa kwa kamati ya kijiji, wamama wanne na wapapa watatu. Sisi hatukuwa na haki ya kutia alama. Kila mwisho wa mwezi nilipiga picha ya ile karatasi, nikaiweka ndani ya ripoti kama ilivyo.

Nisiwadanganye kwamba ilikuwa muujiza. Kijiji pia kinaogopaka. Mwezi wa kwanza walitia ndiyo kwenye kila kitu, juu walifikiri tukiona hapana tutabeba bitiyo yetu tuende. Ilibidi kukaa nao, kuwaeleza, kuapa. Mwezi wa tatu wakatia hapana ya kwanza. Biro ikanipigia simu, na haikuwa simu ya upole. Lakini namba haikuwa yangu tena, na hilo lilinisaidia kusimama. Mtu hawezi kumwambia kijiji kizima kiandike 90.

Je, mukisome hiki kitabu? Ndiyo. Kuko kurasa zenye zimezeeka, kama zile za kuhesabu nafasi ya kumbukumbu ya kompyuta, ao za kupanga makaratasi ya mradi, muzipite. Hesabu yake ni ya mtu-mwezi, na ukisoma utafikiri duniani hakuna mwanamke mwenye anafanya kazi isipokuwa sekretari. Ni kitabu cha wakati wake. Lakini muanze na sura ya namna kuchelewa kunaingia, kisha murudi kwenye hadithi ya wale 10 na wale 150. Ile sheria muisome mwisho, na mipaka yake.

Na siku ingine mukiwa kwenye formasio, wakati mtoa mafunzo anauliza kama kuko maswali, munyooshe mkono kwa adabu, mumuombe jambo moja: "Mwalimu, utuambie mradi wako wenye ulikushinda." Akiwa nao, mumsikilize paka jioni. Akisema hana, mukunywe soda yake, muende nyumbani.

Mimi nimeombwa kufundisha vijana mwezi ujao, siku mbili. Nimeanza kutayarisha. Ukurasa wa kwanza kabisa nitaandika 85%, na nitawaeleza ilitoka wapi.